Malkia Akishaliwa

Mie nina hasira. Naanza na hilo kabisa, ili mtu asije akanisoma huku akidhani nilikuwa binti mpole aliyekaa na baba yake akamfundisha chesi kwa upendo na subira. Upendo ulikuwepo, tena wa kutosha. Subira ndiyo sikujaliwa. Nafundisha hisabati sekondari, na kidato cha kwanza wanazijua hatua zangu tangu mwanzo wa korido. Wakizisikia, hata mwenye kikohozi anakimeza.

Baba alikuja kwangu Chamazi siku chache baada ya arobaini ya mama. Nilimfuata Newala mwenyewe, shule zilipofunga likizo ya mwezi wa sita, na njia nzima hakuongea maneno yanayofika kumi. Alikuja na begi moja jeusi. Nilimwonyesha chumba, nikamwonyesha na misumari mitatu niliyoigongea ukutani ili atundike kanzu zake. Akasema, "Ahsante, mama." Baba huniita mama, kama wazee wengi wanavyowaita binti zao. Akaliweka begi nyuma ya mlango, akavuta zipu. Tangu siku ile, akitaka shati anafungua zipu, anatoa shati, anafunga zipu. Shati likifuliwa likikauka, linarudi begini. Misumari yangu ikabaki mitupu.

Wiki ya pili akaniambia wazi, tukiwa tunakunywa chai. "Mama, nimekuja kwa sababu mmenililia sana. Shule zikifunguliwa wewe unarudi kazini, na mie narudi Newala."

"Newala unarudi kwa nani, baba?"

"Nyumbani kwangu."

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba vitatu vilivyofungwa na kaburi la mama hatua chache nyuma ya jiko. Hapakuwa na mtu hata wa kumchemshia uji. Baba hakuwa anaumwa, ila alikuwa amekonda hadi saa inamzunguka mkononi, na chakula alikuwa anakigusa tu ili nisiseme. Asubuhi anaamka, anaswali, anarudi kulala. Kaka yangu yuko Mtwara, na tulipoongea kwenye simu alilisema lile ambalo mie nilishindwa kulitamka. "Akirudi kule peke yake, dada, huyu mzee hamalizi mwaka." Nilihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nilikuwa na wiki tatu za kumfanya baba yangu atake kubaki duniani, na sikujua nianzie wapi.

Maana ukweli ni kwamba baba na mie hatukuwahi kuwa na maongezi. Hatukugombana, la hasha. Ni kwamba maneno yetu yote yalikuwa yanapita kwa mama. "Kamwambie baba yako chai tayari." "Muulize binti yako amefaulu?" Hata nikipiga simu, baba akipokea anasema, "Ee, mama, hujambo, huyu hapa mama yako." Mama ndiye aliyekuwa anauliza mambo. Ukitoka nyumbani kwetu, hata kama unakwenda dukani kununua kiberiti, lazima sauti ikufuate kutoka uani: "Utarudi saa ngapi?" Tulikuwa tunachukia swali lile sie watoto, tunaitikia kwa mkato. Leo ningetoa chochote nilisikie tena.

Nilipokuwa mdogo, kabla wazee hawajarudi Newala, tulikaa Temeke, baba anachonga vinyago vya mpingo mchana, jioni yuko kwenye kijiwe cha drafti. Alikuwa anaogopwa! Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mbao kilichochorwa kwa penseli, kete zake vizibo vya soda, vya huku vimelala chali, vya kule vimelala kifudifudi. Mama akinituma nikamwite kula, nasimama nyuma ya wanaume nachungulia. Baba yule wa nyumbani asiyeongea, pale alikuwa mtu mwingine kabisa. Anapiga kizibo mbao inalia, anamtania mwenzake mpaka watu wanashikana mbavu. Sikuwahi kucheza naye. Mtoto wa kike hakai kijiweni, anafikisha ujumbe na kuondoka.

Karibu na kwangu kiko kijiwe, pembeni ya genge la mboga la jirani yangu. Nikampeleka. Akasimama dakika tano, akarudi. Akasema hawajui kucheza na wanapiga kelele. Nikaishiwa mbinu. Ndipo nikakumbuka kopo lililokuwa kabatini kwangu. Shuleni nina kikundi cha chesi, ile ambayo vitabuni wanaiita sataranji. Niliijulia chuo cha ualimu, na likizo huwa narudi na ubao na kopo la kete nyumbani visije vikapotea.

Nikaubeba ubao na lile kopo mpaka barazani alipokuwa amekaa, nikaumwaga mzigo wote mbele yake.

Hakugusa. Aliziangalia zote, halafu akaokota farasi. Akamgeuza, akamfikicha shingo kwa kidole gumba.

"Huyu kachongwa na nani?"

"Hajachongwa baba, hii plastiki. Inamiminwa."

"Nilijua. Shingo hii haiwezi kubeba kichwa hiki. Angekuwa mpingo angeshavunjika." Akamrudisha, akachukua mwingine. "Na huyu mwenye kofia?"

"Askofu."

"Askofu!" Alinikazia macho. "Vitani anafanya nini?"

"Anakwenda mshazari."

"Mie siwezi kumtuma askofu, tutagombana na watu. Huyu wangu ni shehe."

Jamani, nilicheka. Nilicheka kupita kiasi, kwa sababu ule ulikuwa utani wa kwanza kutoka mdomoni mwake tangu mazishi.

Anayeanza kabisa mie simfundishi kete zote kwa mkupuo. Nampa askari peke yao, nane kwa nane, nasema wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi. Wanafunzi wangu wanatumia siku mbili hapo. Baba aliniuliza askari anatembeaje, nikamwambia anakwenda mbele moja moja lakini anakula kwa pembeni. Akatikisa kichwa. "Mnafiki huyu," alisema, na katika mchezo wa tatu akanifunga.

Siku iliyofuata tukaongeza ngome na farasi na shehe wake. Ya tatu tukawaleta wakubwa. Akamshika mfalme. Kwenye drafti kete ikifika mwisho inakuwa kingi, na kingi ni balaa, anafagia ubao kutoka kona mpaka kona. Kwa hiyo baba alimshika mfalme kwa heshima zote.

"Huyu ndiye kingi. Anaruka mpaka wapi?"

"Hatua moja, baba."

"Moja?"

"Moja tu. Na akinaswa, mchezo umekwisha."

"Loh! Na huyu pembeni yake?"

"Malkia. Huyu anakwenda kokote, mbele, nyuma, mshazari, mbali anavyotaka."

Baba aliwatazama wale wawili walivyosimama. "Basi mwenye nyumba ni huyu," alisema, akampangusa malkia vumbi kwa ncha ya msuli wake. Mie nikaendelea kueleza mambo ya sheria. Mwalimu wa hisabati nikishaanza kueleza sioni mtu.

Tabu ikawa kula. Kwenye drafti la kwetu kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mdomoni mwako, unakula, hata kama unaona mtego, hata kama ni sumu. Usipokula, mwenzako anakutolea kete yako na watu wanakuzomea. Baba alikuwa ameishi na sheria hiyo tangu ujana, ilikuwa imeingia mpaka kwenye vidole. Namwekea askari wa bure hapa, malkia wake anakuja mbio kutoka kule, anakula, pa! Nami namla malkia.

"Baba, si lazima kula!"

"Umeniwekea mwenyewe."

"Nimekuwekea mtego!"

"Nimeuona."

"Umeuona na umekula?"

"Chakula kiko mezani, mama, mtu anakiachaje?" Na anasema hivyo mtu ambaye mchana amerudisha sahani ya wali imejaa!

Nilipiga kelele, sitaficha. Jirani yangu wa genge alikuwa akiniletea mchicha anakuta napigana na mzee barazani, anakaa kwenye ndoo kuangalia sinema ya bure. "Shikamoo mzee. Leo umemla mwalimu?"

"Marahaba. Ananila yeye. Huyu mtoto hana huruma hata chembe."

"Hasira hizo kazitoa wapi?"

"Kwa bibi yake mzaa mama. Alikuwa anagombana hata na kuku."

Na taratibu, bila ya mtu kusema, mambo yakaanza kubadilika. Alikuwa anaamka, anaswali, anakaa barazani kunisubiri nimalize kufua. Nikaweka sahani ya muhogo wa kukaanga na kachumbari pembeni ya ubao, sikumwambia kula. Akawa anafikiri huku mkono unakwenda wenyewe. Siku ya kwanza vipande viwili. Siku ya nne nilikuta sahani tupu, naye anapapasa bila kuangalia. Nikaenda jikoni nikajifuta machozi kwa khanga, nikamletea muhogo mwingine.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kila malkia wake akiliwa, baba alikuwa ananipa mkono. Mchezo haujaisha, wala haujafika popote, mara nyingine ana ngome zake zote na askari saba, lakini malkia akishatoka ubaoni, baba ananyoosha mkono juu ya ubao, ananishika, anasema, "Umeshinda, mama." Anainuka anakwenda kulala. Hasemi, "Panga tena." Nikamweleza mara ya kwanza, mara ya tano, kwamba mchezo ni wa mfalme, mfalme akiwa hai unacheza. "Nimekuelewa," anasema. Kesho yake malkia analiwa, mkono huo hapo.

Nilidhani hajaelewa sheria. Kweli kabisa, siku nane nzima nilidhani ni tatizo la sheria! Nikachora mishale kwenye karatasi. Jirani ndiye aliyenifumbua macho, tukiwa wawili gengeni, anafunga mafungu ya nyanya. "Wewe mwalimu, una elimu yote hiyo na huoni? Mzee wa watu mkewe katoka, unamwambia aendelee kucheza." Niliona aibu mpaka masikioni.

Basi nikafanya ambalo lilinijia, na lilikuwa la kijinga. Nikaacha kumla malkia. Anakuja anakaa mbele ya ngome yangu wazi kabisa, mie najifanya sioni, nasogeza farasi kule. Nikifikiri nampunguzia. Tulicheza siku mbili hivyo, michezo inakwenda mirefu, nami moyoni najipongeza.

Siku ya tatu akaweka malkia wake mdomoni kwa askofu wangu. Nikasogeza askari. Baba hakucheza. Akanitazama.

"Huli?"

"Sijaona, baba."

"Umeona. Jana umeacha mara mbili, juzi mara moja. Mie nimecheza na watu wenye macho Temeke nzima, mama, kitu cha kwanza naangalia ni nani ameacha kula." Akasukuma ubao kidogo. "Unanibeba."

"Baba..."

"Mie sio mtoto wa kidato cha kwanza. Usinibebe!"

Sijui ni kitu gani. Labda ni zile siku kwenye kalenda, zilikuwa zimebaki tano. Nilisimama. Nikapiga kelele, na hapa ndipo ninapojichukia.

"Basi nifanyeje? Nikimla unaacha kucheza! Unanipa mkono unaondoka! Mfalme wako mzima, ngome mbili, askari wote hawa wamesimama wanakungoja, wewe unakwenda kulala! Na sie je? Tuliobaki hatuhesabiki? Mama amekufa, baba. Wewe hujafa!"

Jirani alikuwa amefika getini na mchicha wake. Akageuka, akaondoka kimya kimya.

Baba hakunijibu kwa ukali, na afadhali angenijibu. Alikusanya kete moja moja, akaziweka kwenye kopo, akafunika. "Nimekusikia," alisema. Akaingia ndani. Nikasikia zipu inafunguliwa, halafu inafungwa.

Nilimwomba radhi jioni ile ile, nimepiga magoti kwenye mkeka. Akaniwekea mkono kichwani. "Hujakosea." Lakini sahani ilirudi vilevile ilivyokwenda, na asubuhi akaniomba nikamkatie tiketi ya Newala ya Jumatatu, siku ya shule kufunguliwa. Nikakata. Ningekataa? Ni baba yangu, na ni mtu mzima. Tiketi niliiweka kwenye kabati la vyombo, chini ya kikopo cha chumvi, na kila nilipotaka chumvi niliiona. Siku nne hatukucheza. Kopo lilikaa barazani mahali alipoliacha.

Jumapili mchana kulikuwa na mechi uwanjani, mtaa mzima umejaa bodaboda na mavuvuzela. Mie niko sebuleni napiga pasi sketi ya kazini. Begi lilikuwa limeshasogezwa kutoka nyuma ya mlango wa chumbani mpaka karibu na mlango wa mbele. Nikasikia nje kete zinamwagwa.

Nilitoka na pasi mkononi. Baba alikuwa amekaa mbele ya ubao, anapanga. Hajawahi kupanga, nilikuwa napanga mie. Nilisimama kumwangalia kama nasimamia mtihani. Wanaoanza huwa wanawakosea mfalme na malkia, wanawabadilisha nafasi. Baba alimshika malkia mweupe, akatafuta mraba mweupe, akamkalisha. Alikuwa sawa.

"Nina swali," alisema. "Askari akifika mwisho kule, anakuwa nani?"

"Yeyote unayemtaka, isipokuwa mfalme. Watu wanachukua malkia."

"Haya. Weka pasi, kaa. Na ukiacha kula, naondoka leo leo, sisubiri Jumatatu."

Nikakaa. Tukacheza, na baba alicheza vizuri kuliko siku zote. Mara mbili nilimwekea askari wa bure, na mara mbili niliona mkono wake unakwenda, unasita hewani, unarudi. Mzee wa drafti ameacha kula! Nilitaka kumpigia makofi. Lakini mazoea ni mazoea. Farasi wangu alikaa vibaya, bila mtego wowote, nilikuwa nimekosea tu, na baba hakuweza kuvumilia. Malkia wake akaja, akamla farasi, pa! Kule kwenye kona ya mbali, kwenye mstari wake, alikuwa amekaa askofu wangu.

Aliona baada ya kuachia kete. Nami nilikuwa nimeona.

Nilikaa pale sijui muda gani. Mkono wangu ulikataa, nasema kweli. Nilimtazama yule malkia wa plastiki, nawaza nikimla ndiyo basi, anaingia ndani, kesho alfajiri yuko kwenye basi, na kaka atanipigia simu siku moja nisiyotaka kupigiwa.

"Kula, mama," alisema baba. Alisema kwa upole kabisa.

Nikala. Nikamfumbata malkia kwenye ngumi yangu, sikumweka pembeni na wengine. Huko uwanjani watu walipiga ukelele mkubwa, goli la upande gani sikujua. Mkono wa baba ulikuwa kwenye goti. Nikauona unanyanyuka. Nikainamisha kichwa, nikanyoosha wangu nao niupokee, kwa sababu nilishazoea.

Haukuja. Nilipotazama, mkono ulikuwa kwenye askari wa pembeni kabisa, anasogezwa hatua moja.

"Zamu yako," alisema.

Tukaendelea. Sikumbeba, naapa, nilicheza kama nacheza na adui. Nilikula ngome, nikala farasi, nikala shehe mmoja. Yeye akala askofu wangu yule yule wa kona, akacheka peke yake. Na muda wote huo yule askari wa pembeni anatembea, mnafiki yule, hatua moja, nyingine. Nilimzuia nikachelewa kwa hatua moja. Akafika mwisho.

Nikafungua ngumi. Malkia alikuwa na joto la mkono wangu, amelowa jasho. "Huyu hapa, baba."

Baba alimtazama, hakumpokea.

"Huyo keshaondoka."

"Sheria inaruhusu. Anarudi."

"Si umesema nachagua?"

"Unachagua, lakini watu wote huchukua malkia. Ndiye mwenye nguvu."

"Najua nguvu zake," alisema baba. "Mie nilikuwa na mmoja." Akanyoosha kidole kwenye kete zilizoliwa. "Nipe yule mwenye shingo mbaya."

Nikampa farasi. Akamweka pale alipofika askari, akamgeuza uso utazame mbele, na hapo mie nikaanza kulia, kulia kwa sauti, sio kwa khanga wala jikoni. Nilimlilia mama kama sikuwahi kumlilia tangu msiba, maana msibani nilikuwa napika, napanga mikeka, nagombana na watu wa turubai. Baba hakuninyamazisha. Alingoja. Alipoona natafuta kitu cha kujifutia, akanisogezea ncha ya msuli wake.

"Lia, lakini usilowanishe ubao. Tuko katikati."

Nilimshinda. Lazima niseme hilo, kwa sababu siku hizi anawaambia watu gengeni kwamba ilikuwa sare. Lakini ilinichukua mpaka watu wanatoka uwanjani. Yule farasi alinisumbua, akanila ngome nikaona nyota, na mfalme wake alitembea hatua yake moja moja ubao mzima akinikimbia, anajificha nyuma ya huyu, anatokea kwa yule. Nilipomfunga kwenye kona, baba aliangalia kila upande, akajaribu kwa kidole kila mraba, akahakikisha hakuna pa kwenda hata hatua moja. Ndipo akanipa mkono.

"Sasa ndiyo kwisha," alisema.

Muhogo ulikuwa umekwisha pia. Jirani alipita na ndoo yake ya mchicha, akatuangalia, macho yangu mekundu na baba anakung'uta chumvi mikononi, akasalimia tu akapita, na kwa mtu kama yule kunyamaza ni kazi kubwa. Mie niliinuka nikaoshe uso. Nilifika mlangoni, begi liko pale miguuni, sijui nilivuke au nilisogeze, sijui niseme nini kuhusu alfajiri.

"Mama," aliita baba nyuma yangu.

"Abee."

Alikuwa ameinama, anaziokota kete anazirudisha kwenye kopo, haniangalii.

"Kesho shuleni. Utarudi saa ngapi?"

Nilishika fremu ya mlango. Miaka yangu yote baba hajawahi kuniuliza swali lile.

"Saa kumi, baba."

"Usichelewe," alisema. "Utakuta nimeshapanga."